Ukumbi wa Sinema ni wa Shangazi Yenu

Sikilizeni, wanangu, sogeeni karibu, maana sauti yangu leo haifiki mlangoni. Wewe Calvin, kaa chini, usisimame kama mpita njia. Hilda, mwekee shangazi yako kigoda hapa ubavuni mwa kitanda, si kule kizingitini alikozoea kukaa. Na wewe, katekista Rupert, jirani yangu, shika kalamu uandike kama nisemavyo, wala usininyooshee maneno. Padre amekwisha kunipaka mafuta, na Mungu tumeelewana. Yaliyobaki ni ya duniani, nayo si mengi, kwa kuwa mimi Athanasi Komba sikuja na kitu na siondoki na kinyongo.

Shamba la Namtumbo ni lenu wawili, Calvin upande wa mtoni na Hilda upande wa barabarani, na asitokee mtu wa kusema Hilda ameolewa kwa hiyo hana fungu. Hilo ni dogo. Kubwa ni kiwanja hiki tulichopo, nyumba hii pamoja na ukumbi ule unaosaga mahindi. Calvin mwanangu, yule mfanyabiashara uliyemleta Jumanne nilimwona dirishani akipima kuta kwa hatua zake, na nimesikia anataka kupageuza gesti. Sikukasirika. Lakini kabla hujauza ngozi, jua kwanza mnyama ni wa nani.

Mlikuwa wadogo nilipoujenga. Mwaka ule wa themanini na nane biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye nguvu anafungua chake, huyu duka, yule kinyozi, na mimi niliyekuwa dereva wa lori nikatamani jambo ambalo mtaa wetu haukuwa nalo. Nikajenga ukumbi wa sinema, sakafu yenye mteremko ili wa nyuma aone, mabenchi ya mninga, na ukuta wa mbele nikaupaka chokaa mpaka ukawa mweupe pe. Kila Jumapili baada ya misa ya pili watu walikuja na watoto na karanga zao, na shangazi yenu Bernadina ndiye aliyekaa mlangoni, na hapiti mlevi wala mjanja.

Filamu zilikuwa za Kihindi, na Kihindi hapa nani alikijua? Basi nilisimama pembeni ya ukuta nikasimulia mimi, Kiswahili kidogo na Kingoni kingi. Mikanda ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam ndani ya mikebe, na Jumapili moja nilikosea, nikautanguliza mkanda wa tatu kabla ya wa pili. Baba wa bibi harusi tumemzika, mara huyo hapo anakula chakula! Ukumbi ukanigeukia wote. Nikawaambia bila kupepesa macho kwamba huyu si yule, huyu ni pacha wake aliyelelewa kwa wajomba, amekuja kudai kurithi nyumba. Waliridhika, wanangu, tena wengine walilia. Baadaye alipita mwalimu mmoja aliyeiona filamu ile mjini Lindi, akawaambia hakuna pacha. Wakamjibu kwamba ya Lindi ilikuwa imekatwa. Nacheka mpaka leo, na kifua kinaniuma kwa kucheka. Nilikuwa mtu mwenye furaha sana siku zile.

Miaka miwili na miezi mitatu, basi. Zikaja video kule stendi, chumba kimoja, televisheni moja, mapigano tangu asubuhi, watu wakahamia huko. Nataka Rupert aandike hili kwa herufi kubwa, kwa sababu mtaa mzima unaamini jingine: sinema yangu ilikufa yenyewe. Jumapili tatu za mwisho niliwasimulia watu kumi na mmoja, na dada yangu akiwa mmojawapo, ameketi benchi la mbele ili nisione pengo. Aliniambia taratibu, tuweke mashine ya kusaga, wanawake wa mtaa huu wanatembea mbali na debe kichwani. Nilimwambia asinizungumzie pumba wakati mimi nazungumza sanaa. Nikaenda zangu Namtumbo kwenye tumbaku, nikakaa huko msimu mzima na aibu yangu.

Mnajua shangazi yenu alivyorudi nyumbani. Mume wake alipofariki kule Maposeni, alikataa kurithiwa na shemeji yake, akaja kwetu na ng'ombe watatu aliowapata kwa jembe lake mwenyewe. Ng'ombe hao ndio waliogeuka mashine. Niliporudi nilikuta mabenchi yangu yamepangwa nje, ukuta wangu mweupe umejaa vumbi la unga, na foleni ya akina mama wanaburuta magunia kwa kuufuata ule mteremko, wakiusifu. Hapo moyo wangu ukaingia giza. Mbele ya foleni ile nzima, mbele ya wake za watu na wakwe zao, nilimwambia dada yangu: "Huna kwenu hapa. Umekimbia kwa mumeo, umekuja kuniua mimi."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Alimaliza kumsagia aliyekuwa mbele yake, akamkung'utia gunia, akamwita anayefuata. Tangu siku ile hakuketi tena ndani ya nyumba hii, chakula alipokea kizingitini, na mimi nilijifanya sioni. Ada zenu za shule zilitoka kwenye mikono ile. Calvin, ulisoma sekondari kwa mashine ile. Hilda, sare yako ya kwanza alikushonea yeye. Nami kilabuni, ulanzi ukinipanda, niliendelea kusema kwamba dada yangu ndiye aliyeniulia sinema, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema watu walinichoka. Miaka ishirini. Sikumwomba radhi hata kwa ishara.

Nipeni maji kidogo.

Sasa andika, Rupert. Kiwanja hiki, nyumba na ukumbi, si vya Calvin wala si vya Hilda. Ni vya Bernadina binti Komba, kuanzia saa hii ambayo bado napumua, si baada ya kufa kwangu, maana ya marehemu watu huyapinda. Atakayemfuata atamchagua yeye. Najua ukoo utasema mwanamke harithi kwa kaka yake. Waambieni hakurithi, alijenga. Calvin, mwambie yule mtu wa gesti akatafute kwingine, na umwambie kwa adabu. Unanikunjia uso, kunja tu, utakunjua.

Limebaki moja, na nguvu zinaniishia. Kwetu kaburi halichimbwi mpaka mwenye kiwanja aonyeshe mahali na kupiga jembe la kwanza. Mimi sina kiwanja tena. Dada, nisamehe lile neno. Nilikukosea mbele ya watu, nakuomba mbele ya watu. Nikifa, utanipa mahali?

Usilie. Onyesha tu.

Wapi? Sijasikia... Pale ubavuni mwa ukumbi, chini ya dirisha. Vema. Vema sana, dada. Rupert, umeandika kwamba amepaonyesha mwenyewe? Calvin, jembe la kwanza ni lake, mtu asimtangulie.

Pigeni magoti, wanangu. Mikono yangu haiinuki, iwekeni nyinyi vichwani mwenu. Mzae na mlee. Msilale na neno baya kinywani. Mungu wa baba zetu awatie baraka, mvua iwakute mmekwisha kupanda.

Mimi nimemaliza. Nyamazeni sasa... mwenye nyumba aseme.