Kondoo wa Dereva

Tangu Karatu, Marsela alijifanya kusinzia huku masikio yake yakiwa kiti cha mbele. Pale Mzee Clemensi, aliyewahi kushinda kesi ya mpaka wa shamba na tangu hapo akawa wakili wa kila abiria, alikuwa akimfundisha Nalangu, mama wa Kimaasai mwenye mkongojo, namna ya kutoa ushahidi Arusha. Alinong'ona, maana basi lilikuwa hilo moja tu, na aliyemvunja mguu ndiye aliyeshika usukani.

"Sema aliondoa gari hujamaliza kushuka. Basi. Habari ya kondoo usiitaje."

"Baba, dereva alimleta mwenyewe nikiwa kitandani. Akachinjwa, nikanywa mafuta mpaka mfupa ukaunga. Kwetu, ukishakunywa, hayo yameisha."

"Kwani unamshtaki yeye? Unamshtaki tajiri wake, mwenye basi! Ukimtaja kondoo, watasema mlishamalizana."

Marsela alikosa upande wa kushika, jambo ambalo si kawaida yake.

Walipofika stendi, dereva alizima injini kabisa, akazunguka hadi mlangoni, akamshika Nalangu mkono mpaka miguu yote miwili ikakanyaga chini.

Nalangu akamgeukia Clemensi. "Na hili nalo nisiseme?"