Mama Ratiba na Kutaniko la Machimboni

Hamjambo, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka mpiga chapa. Hakuwa mchungaji, wala hakuwahi kusimama mimbarini hata siku moja. Lakini ukiuliza historia ya Wamethodisti wa eneo letu, utatajiwa jina lake la utani: Mama Ratiba. Alifariki Jumanne, akiwa na miaka themanini na minne.

Kwa msiofahamu, Wamethodisti wana ratiba ya wahubiri. Hutoka kila miezi mitatu. Makutaniko yalikuwa tisa, mchungaji mmoja. Kwa hiyo fundi viatu, muuguzi, mwalimu, kila mmoja alipangiwa mahali pa kuhubiri. Ukishaona jina lako kwenye ratiba, unakwenda. Mvua ikinyesha, unakwenda.

Mchungaji alimwachia Mama Ratiba kazi ya kupanga majina na kuyapiga chapa. Aliifanya miaka thelathini na mmoja, kwenye meza ya chakula. Binti yake anasema: "Siku hizo sisi tulikula sakafuni. Ukimsemesha, anakwambia, 'Ngoja kwanza, nisije nikampeleka muuguzi kwenye ubatizo, na kubatiza ni kazi ya mchungaji.'"

Kutaniko dogo kuliko yote lilikuwa la machimboni, kwa wakata mawe. Watu sita, chini ya mabati. Mwaka mmoja kikao cha wazee kikaamua lifungwe. Mama Ratiba alikuwepo, akiandika kumbukumbu za kikao. Akarudi nyumbani, akapiga chapa ratiba mpya. Makutaniko tisa, la machimboni likiwemo.

Na wahubiri wakaenda! Fundi viatu alikuwa kwenye kikao kile, na mkono aliunyoosha kukubali lifungwe. Alipoona jina lake akachukua Biblia, akashika njia. "Nilidhani wazee wamebadili mawazo," aliniambia, huku akicheka. "Ratiba ni ratiba, bwana."

Miaka miwili, wasikilizaji. Miaka miwili kila mtu alidhani mwenzake ndiye aliyebadili uamuzi. Watu sita wakawa arobaini.

Mwenyekiti wa kikao aligundua alipopangiwa machimboni yeye mwenyewe. Akaenda kwa Mama Ratiba, karatasi mkononi.

"Mama, hukusikia tulivyoamua?"

"Nilisikia, baba. Wale sita je, nani aliwauliza?"

Aliondolewa kazini wiki ile ile. Kutaniko likaachwa liendelee, maana nani angefunga mlango mbele ya watu arobaini? Lakini kazi yake hakurudishiwa. Taipureta aliifunika kitambaa, asiiguse tena. Jambo hilo lilimuuma, tusifichane.

Jana nilimpigia simu mwenyekiti yule. Sasa anatembelea mkongojo. Akasema: "Nilimwondoa mimi, na nilijua ana haki. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kwenda kumwambia."

Kwa binti yake, wajukuu na wakata mawe, poleni sana. Mazishi ni Jumamosi, saa nne asubuhi, machimboni. Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu unayejua nafsini mwako kwamba hujamwomba radhi, zima redio. Nenda sasa hivi.