Nusu ya Weupe Huu

Njooni karibu, wanangu, kwa maana sauti ya baba yenu haifiki mlangoni tena. Gcinumuzi, wewe mkubwa, kaa hapa kwenye mkeka. Mbhekeni, kaa nyuma ya kaka yako. LaShongwe, mkwe wangu, ingia na mtoto, usisimame nje ya nyumba ambayo bado ni yangu.

Ng'ombe na shamba mtagawana kama tulivyokubaliana mbele ya wajomba zenu, na hilo sitalirudia. Linaloninyima kufa kwa amani ni huyu mtoto aliyezaliwa mweupe, nywele rangi ya majani makavu. Wewe Gcinumuzi, baba yake, hujampa jina hadi leo, nawe unataka kumrudisha mkeo kwao kwa akina Shongwe na kudai ng'ombe wa mahari. Nilimsikia Mbhekeni jikoni akisema, "Kaka, yule mzungu wa mgodini kakuachia zawadi," mkacheka, na LaShongwe yuko hapo hapo anawakorogea uji.

Sikilizeni basi. Fahali wetu mweusi alipompanda ng'ombe mweusi, tukapata ndama mwekundu, nani alimshutumu mama yake? Mlisema ni rangi ya bibi yake, ilijificha tu. Kwa watu ni vivyo hivyo. Kila mtoto hupokea vinasaba viwili vya rangi, kimoja kwa baba, kimoja kwa mama, na chenye nguvu hukifunika kilicho dhaifu lakini hakikifuti. Mtu aweza kukibeba maisha yake yote na ngozi yake nyeusi isiseme neno. Vinasaba dhaifu viwili vikikutana ndani ya mtoto mmoja, ndipo huonekana.

Kwetu kimetoka wapi? Hamumjui shangazi yangu Lomadlozi, kwa sababu marehemu baba yangu alikataza asitajwe. Alikuwa dada yake wa tumbo moja, mweupe kama huyu. Kwa akina Shongwe alikuwepo mjomba wa mama yake LaShongwe, naye mweupe vilevile. Kwa hiyo, Gcinumuzi, usimtazame mkeo peke yake. Nusu ya weupe huu umeitoa wewe, na wewe umeipata kwangu.

Wala msidhani wa pili lazima awe mweusi kwa kuwa wa kwanza amekuwa hivi. Kila mimba huanza upya. Mtoto msimwache juani. Mshoneeni nguo za mikono mirefu na kofia pana, na akianza shule akae mbele, maana macho yake hayataona mbali.

Nipeni maji... kidogo. Yatosha.

Mahari haitarudi. Nimesema.

Sasa mpokee, Gcinumuzi. Si hivyo, mshike kichwa. Mpe jina, nisikie. Hapana, mimi sikutajii. Mimi naondoka, wewe ndiye utakayemwita kila asubuhi... Sema tena, masikio haya... Nomcebo. Na ukoo? Usiumeze ukoo... Nomcebo Magagula. Vema. Mbhekeni, nawe mwite... Mungu awalinde... nyote... na yeye... akiwamo.