Maisha ya Goreti, Aliyetuuzia Unga wa Mlonge

Baba Paroko, ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia nimesimama mimi Davis, mdogo wake, nieleze kwa ufupi maisha ya dada yetu, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kueleza jambo kwa ufupi.

Marehemu Goreti Modestus alizaliwa tarehe 14 Mei 1979 kijijini Lionja, wilaya ya Nachingwea, akasoma shule ya msingi huko huko kuanzia mwaka 1988 hadi 1994, kisha akabaki nyumbani akilima ufuta na mihogo pamoja na wazazi. Tarehe 2 Oktoba 1999 alifunga ndoa na shemeji yetu Edwin, wakajaliwa watoto watatu, Winfrida, Jonasi na Getruda.

Mwaka 2012 walihamia hapa Mandawa, Ruangwa, akaanza kuwapikia wachimbaji wadogo, na kuanzia 2015 akawa ananunua kwao dhahabu iliyoshikana na zebaki, anaichoma jikoni kwake ili zebaki itoke, mlango umefungwa kwa kuogopa wezi. Aliambiwa kwamba moshi wa zebaki unaharibu figo, wala hakupuuza, ila kinga aliyoichagua ni unga wa majani ya mlonge, baada ya kusikia redioni kwamba wataalamu waliwalisha panya majani hayo na figo zao zikastahimili sumu. Akaanza kuusaga na kuuuza, na nyie mliokuja kuchoma dhahabu yenu kwake mnajua, hakuna aliyewasha jiko kabla ya kunywa kikombe chake, hata mbishi alikunywa, maana Goreti hakukuachia mpaka umalize.

Machi 2023 alianza kuvimba miguu na uso, badala ya kwenda hospitali akaongeza mlonge, na tulipompeleka mwezi Agosti figo zote mbili zilikuwa zimechoka. Daktari alimweleza kwa upole kuwa mlonge ni mboga nzuri, lakini yaliyoonekana kwa panya hayajathibitishwa kwa watu, na hakuna majani yanayozuia moshi usiingie kifuani. Tangu hapo alikuwa akisafishwa damu Mtwara, hadi alipofariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, akiwa na miaka arobaini na mitano.

Kabla ya kufariki aliagiza unga uliobaki umwagwe, na kila aliyekunywa kwake akapimwe figo. Unga ameumwaga Edwin kwa mkono wake, na inaniuma kusema kwamba jana, hapa hapa msibani, watu wawili walimvuta pembeni kuulizia kama limesalia kopo lolote, kwa sababu wana dhahabu ya kuchoma leo jioni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi hapa, na wachimbaji mliobeba jeneza. Wale wawili hatuwataji, mmo humu na tunawapenda, tunawaomba tu mkitoka makaburini msiende kuchoma, mwende mkapimwe figo.

Dada, tumewaambia. Pumzika kwa amani.