Waamuzi wa Zamani

Tulikuwa juu ya lori la kahawa, mwalimu wa dini Protase akimfariji Kokuhirwa, mjane aliyenyang'anywa shamba la migomba na mtwale wetu, chifu mdogo anayeamua pia mashauri. "Mama, katika Israeli mwamuzi ndiye aliyeokoa watu. Mungu akihukumu, mnyonge hupona."

"Mwamuzi wa kwetu ni mtwale, ndiye atakayenihukumu, mwalimu, na ndizi zangu anazila."

"Mwachie Mungu."

Mke wangu naye alimwachia Mungu, akafa tukingoja shauri letu liitwe kwa mtwale huyo huyo.

Kokuhirwa akauliza, "Musa alimwendea Farao, au alimwombea akiwa mbali?"

"Alimwendea," mwalimu akajibu polepole.

Lori likasimama mbele ya baraza la mtwale. Kokuhirwa akashuka, akamnyooshea mwalimu mkono. "Haya baba, shuka tukamwambie."

Mwalimu akaanza kuyakagua magunia ya kahawa, utadhani ni mnunuzi.