Winchi wa Stoo na Mshipa Wake Mkuu

Tarehe 30 Juni mkuu wa stoo yetu, anayejulikana kiwanda kizima kwa jina la Winchi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Alianza kama mpakiaji, enzi ambazo karatasi zilishushwa kwa mabega, akapanda ngazi hadi kukabidhiwa funguo za stoo. Hakuna anayekumbuka mtambo wa uchapaji kusimama kwa kukosa karatasi au wino yeye akiwa zamu.

Jina la Winchi hakujipa. Alipewa na madereva waliomwona akibeba maboksi ya karatasi kila bega huku akiwatania. Nyuma ya stoo alijitengenezea jimu: benchi la mbao, nondo, na magurudumu ya mashine chakavu yaliyogeuzwa vyuma vya mazoezi. Baada ya kazi wengi wetu tulipitia hapo. Mhasibu aliingia na kitambi akatoka bila kitambi, ingawa kitambi kimerudi, na mwenyewe ameridhia kitajwe hapa.

Miaka kadhaa iliyopita Winchi alikwenda hospitali kwa kikohozi tu. Picha ya kifua ilizaa altrasaundi ya moyo, na altrasaundi ikaonyesha kwamba aota, ule mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo, umetanuka kupita kawaida. Hakuwa na maumivu popote. Daktari wa zamu alimwambia asinyanyue kitu kizito. Winchi akataka kujua kizito ni kipi. Boksi moja? Ndoo ya maji? Mjukuu? Lakini mgonjwa mwingine alikwishaitwa, naye akajikuta koridoni hajajibiwa.

Basi akaacha kila kitu, na hakutuambia. Sisi tuliona tu jimu ina kufuli, na mtu aliyekuwa akibeba maboksi kama mito ya kulalia sasa anaita toroli kwa ajili ya bahasha. Tulichanganyikiwa. Wapo waliosema cheo kimempanda kichwani, wapo waliosema mkewe amemnyima chakula. Mkewe naye alikuwa akimpokonya hata chupa ya chai asiinyanyue, asijue kama amhurumie au amfokee. Winchi akanenepa, presha ikapanda, na kila akipanda ngazi alisimama katikati akijishika kifua, akisikilizia.

Ikaja siku ya ajali. Roli la karatasi, lile zito la kulishia mtambo, liliponyoka na kumbana mguu fundi mitambo. Sote tuligeuka kumtazama Winchi. Aliinama, mikono yake ikafika kwenye roli, kisha akairudisha. Alisimama pale jasho likimtiririka, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi siwezi. Leteni jeki, na mbao ya kuzuia lisirudi."

Jeki ikaletwa, akaelekeza kila kitu, na mguu ukatoka ukiwa umevunjika kidole gumba. Jioni ile ndipo alipotueleza habari za mshipa. Fundi hakuelewa upesi. Alisema wazi, akiwa bado kitandani, kwamba kila akifumba macho anaiona ile mikono ikirudi nyuma, na hajui amchukie mtu au ugonjwa.

Wiki hiyohiyo mkewe alimpeleka Winchi kwa daktari bingwa wa moyo, mama mmoja mpole asiye na haraka. Alimpima upya, akamweleza kwamba kukaa tu hakuulindi mshipa. Kinachouumiza ni presha. Atembee kila siku. Anyanyue vyuma vyepesi, ambavyo anaweza kuvinyanyua mara nyingi huku bado anaongea. Atoe pumzi anaponyanyua, asijikaze akiwa ameibana, asishindane na mtu yeyote. Dawa za presha asiziruke, na kila mwaka arudi kupimwa. Akisikia maumivu makali ya ghafla kifuani au mgongoni, aende hospitali papo hapo. Akasisitiza kwamba hayo ni ya mshipa wake yeye; mwenye mshipa mpana zaidi huenda akakatazwa hata hivyo vyepesi.

Jimu ikafunguliwa. Wa kwanza kuingia alikuwa fundi mitambo, akichechemea. Habari za roli hawakuzigusa. Winchi alimpa vyuma vidogo, akakaa kando yake na vidogo vilevile, wakawa wananyanyua na kupumua pamoja. Sisi tuliopita mlangoni hatukujua tucheke au tunyamaze.

Kipimo cha karibuni kinaonyesha mshipa haujatanuka zaidi. Nilipokuwa naandika haya nilimuuliza nimtaje kama mgonjwa au kama mzima. Akanijibu:

"Sijui, dada. Naamka mzima, nikiinama kufunga viatu naanza kujiuliza. Wewe andika nimestaafu."

Nimeandika hivyo. Asante, Winchi, kwa stoo isiyowahi kutuangusha, na kwa kuthubutu kusema huwezi mbele ya watu waliokuamini kwamba unaweza kila kitu. Asante kwa mama wa nyumbani kwako, ambaye tumesikia amerudisha chupa ya chai. Tunakuombea pumzi ndefu na presha ya chini. Na fundi mitambo ameomba tukufikishie ujumbe: kila asubuhi kabla ya zamu atapita nyumbani kwako mtembee pamoja, na umsubiri, maana kile kidole bado kinamchelewesha.