Dawa Iliyoitika

Baraza yetu ya Sokomuhogo iko chini ya dirisha la Mcha, na siku hizi dirisha hilo hatulipendi. Juu kalala mkewe, Bi Riyama, ana homa mpya, ile inayomfanya mgonjwa aitike na hakuna aliyemwita. Utotoni tuliambiwa, ukisikia jina lako na mwitaji humuoni, nyamaza. Sasa nusu ya mtaa inaitika mchana kweupe. Mimi naogopa, sioni haya kusema. Lakini kahawa ya Hamid iko palepale, na wabishi wetu wako palepale: Abdulwahid, tunayemwita Daktari kwa kuwa aliwahi kuendesha gari la wagonjwa, na Kheir Redio, asiyezimika. Mcha mwenyewe kapakata pakti ya vidonge vya kifafa, ya mwisho katika duka la dawa.

— Kompyuta ndiyo iliyovichagua viwe dawa ya homa hii, alisema Daktari. Wataalamu wameitia dawa zote za zamani, maelfu, na umbo la kirusi cha homa. Ikapima moja moja: hii yaweza kukishika, hii haiwezi. Dawa mpya utaingoja miaka.

— Yaani spea ya gari jingine, alisema Redio.

— Hasa. Pikipiki yako si inakwenda kwa spea ya jenereta?

— Inakwenda wapi? Nnaisukuma!

Tukacheka, kisha tukatazama dirishani, tukaacha.

— Lakini mie kuna kitu kinanishinda, alisema Redio. Dawa hii walikuwa wakinywa wazee wetu. Homa imekuja juzi. Vipi dawa itangulie kuijua?

— Haiijui. Imesadifu tu.

— Imesadifu! Yakhe, kompyuta haikutafuta. Ilikumbuka.

— Ikumbuke nini, weye?

— Mie naona inaita, alisema Hamid, ambaye siku zote kazi yake kumimina tu. Inayasoma majina ya dawa, moja baada ya moja, haichoki, mpaka moja iitike.

Redio akaweka kikombe chini.

— Basi na wagonjwa wanamwitikia nani? Si kompyuta hiyohiyo?

— Astaghfirullah! alisema Daktari. Hamid, tia kahawa.

Akakohoa.

— Isitoshe, kwa wagonjwa wa homa dawa haijajaribiwa. Kwenye kompyuta imefaa. Kwa binadamu, Mungu ndiye ajuaye.

— Mie sina pa kungojea majaribio, alisema Mcha. Wameniambia pakti nzima ndiyo dozi. Kikombe hiki nikimaliza, nampandishia.

Hakukimaliza. Mama mmoja alisimama mbele yetu, buibui limejaa vumbi.

— Asalaam alaykum.

— Waalaykumu salaam, Bi.

Akajitaja: Salhiya, wa Kiembe Samaki. Mwanawe ana kifafa, kaanguka mara mbili tangu asubuhi, na vidonge vyake havipatikani mji mzima.

— Dukani wamenambia pakti ya mwisho kachukua mtu wa baraza hii.

Hatukumtazama Mcha usoni. Sote tulimtazama miguu.

— Bi Salhiya, alianza Daktari, dawa hiyo sasa, kompyuta imeona kwamba...

— Habari za kompyuta nshazisikia, kaka. Mie nauliza hivi: homa, kompyuta imeitafutia dawa ya mwanangu. Mwanangu imemtafutia ya nani?

Redio alizimika. Daktari akawa anachungulia machicha ya kahawa. Niliona uchungu wa mama yule, nikaona aibu kukaa. Mcha akainuka polepole, akanyoosha mkono wenye pakti, na Bi Salhiya akanyoosha wake.

— Naam! aliitika Bi Riyama juu, kwa sauti ya adabu, ya mke aliyeitwa yuko jikoni.

Hakuna aliyeita.

— Naam, nnakuja!

Mkono wa Mcha ukasimama njiani. Bi Salhiya hakuurudisha wake. Nilitaka kumwambia Mcha mpe, na nilitaka kumwambia usimpe. Kisha tukasikia kitanda kinalia, na miguu mitupu inashuka ngazi, taratibu. Bi Riyama hajasimama tangu Ijumaa.